Kuzungumza na Familia ya Mtoto Aliyelazwa: Mwongozo kwa Wahudumu Wapya wa Wodi

Mtoto anapofikishwa Moshi kwa rufaa kutoka Rombo, Same au Simanjiro, mara nyingi familia yake imekwisha kupita zahanati na hospitali ya wilaya, na kila mahali imeambiwa jambo tofauti au haikuambiwa lolote. Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na madaktari wanaoanza kazi katika wodi ya watoto, nao unasimamia jambo moja: familia ielezwe kabla mtoto hajaguswa.

Anza kwa salamu. Bibi aliyembeba mjukuu anastahili shikamoo hata kama foleni ni ndefu, na mama aitwe kwa jina la mwanawe, Mama Neema au Mama Baraka, wala si "mama wa kitanda cha saba". Taja jina lako na kazi yako, kwa kuwa mzazi aliyepitiwa na watu wengi wenye makoti meupe tangu asubuhi hajui ni nani kati yao mwenye jibu la swali lake.

Kisha uliza ni nani mwingine anayepaswa kusikia maelezo. Mama anayeuguza ndiye anayemjua mtoto kuliko wote, lakini uamuzi wa kuongezewa damu au kufanyiwa upasuaji unaweza kuwa unamsubiri baba aliye machimboni Mirerani au babu aliyebaki kijijini. Piga simu mama akiwa kando yako na umweleze baba wewe mwenyewe, badala ya kumwachia mama mzigo wa kutetea uamuzi ambao naye ndiyo kwanza ausikie. Huduma ya kuokoa maisha, bila shaka, haisubiri simu. Familia ikiwa inazungumza Kimasai tu, tafuta mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto wa miaka 10 hapaswi kubebeshwa habari za ugonjwa wa mdogo wake.

Unapochukua historia ya ugonjwa, jihadhari na karipio. Wapo wazazi ambao, mtoto alipopata homa na kuharisha, walishauriwa kwamba ana "meno ya plastiki", yaani meno machanga yaliyo bado ndani ya ufizi yanayodhaniwa kuwa ndiyo ugonjwa, wakampeleka kung'olewa, na wapo waliomkatisha kimeo. Ukionyesha hasira, mama atanyamaza, nawe utatafuta chanzo cha upungufu wa damu au cha maambukizi bila kujua kuna kidonda mdomoni. Uliza kwa utulivu: "Kabla ya kuja hapa, mlijaribu kumsaidia kwa njia zipi?" Halafu subiri.

Kipimo kinachoogopwa kuliko vyote ni kile cha kuchukua maji ya uti wa mgongo, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Nilipokuwa mgeni kazini, tulimchukua mtoto mwenye degedege na shingo iliyokakamaa, tukafunga mlango, na mama yake akabaki kwenye korido akisikia kilio. Siku mbili baadaye mtoto alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyokuwa imemlemea tangu alipoletwa, lakini alichokiona mama ni mlango uliofungwa, sindano, kisha kifo. Kabla ya jioni habari ilikuwa imeenea wodi nzima, na mzazi wa kitanda jirani alikataa kipimo hicho. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemweleza lolote.

Tangu hapo, hukaa chini, uso wangu ukiwa sawa na wa mama, na kusema hivi: "Tunashuku wadudu wameingia kwenye maji yanayozunguka ubongo. Tutachukua maji kidogo tu, na mwili utayatengeneza mengine. Sindano itaingia hapa kiunoni, chini ya mahali ambapo mshipa mkuu wa fahamu unaishia. Atalia, kwa sababu tutamshika kwa nguvu asisogee, na kuchomwa kunauma." Wakati nikisema hayo, naweka kidole changu kwenye kiuno cha mtoto ili mama aone ni wapi. Akitaka kuwepo, awepo. Mwisho namwomba anieleze yeye jinsi atakavyomsimulia baba, na pale anapokwama ndipo najua pa kurudia.

Oksijeni nayo huogopwa kwa sababu inayofanana: watoto wanaowekewa ni wale walio mahututi. Sema hivyo waziwazi, kwamba ugonjwa ndio ulio mkali na hewa hii inampunguzia mtoto kazi ya kupumua.

Kuhusu fedha, usingoje siku ya kuruhusiwa. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, hivyo mzazi akifika hospitali yenye utaratibu mwingine hushtushwa na bili. Mwelekeze mapema kwa afisa ustawi wa jamii.

Mtoto anaporuhusiwa, dalili za hatari zitajwe moja moja: akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kupoteza fahamu, arudishwe mara moja. Kama alilazwa kwa kuharisha, eleza kwamba vidonge vya zinki humezwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekwisha kuwa kizuri siku ya tatu.

Na mtoto akifariki, tafuta chumba au hata pazia, mketi, na useme "amefariki". Maneno kama "hali imebadilika" humwacha mzazi na tumaini ambalo mtu mwingine atalazimika kulivunja. Toa kanula (kijimrija kilichowekwa kwenye mshipa wa damu) na mipira, mfute mtoto uso, mfunike kwa khanga ya mama yake, umpe mama ampakate kwa muda anaoutaka. Familia ya Kiislamu itahitaji kuzika mapema, kwa hiyo karatasi zishughulikiwe bila kuwasubirisha. Familia inayosafirisha mwili kwenda kijijini ielezwe hatua zote kwa mpangilio, na mtu mmoja anayefahamika awasindikize hadi mochwari.