Jinsi ya Kutunza Kumbukumbu za Safari ya Familia kwenye Bustani ya Burudani

Familia nyingi hurudi kutoka bustani ya burudani na mamia ya picha kwenye simu. Baada ya miaka mitatu, hakuna anayeweza kueleza ile picha ya mtoto anayelia ilipigwa wapi, wala nini kilimliza. Picha ipo, maneno yake ndiyo yaliyopotea. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika na maneno kuliko kamera, ingawa kamera nayo ina mambo yake ambayo yasipowekwa sawa mapema hayarekebishiki kirahisi.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Anza na saa. Kama mna simu mbili na kamera moja, hakikisheni zote zinasoma saa ile ile hadi dakika. Simu hujirekebisha yenyewe mkiingia nchi yenye saa tofauti, kamera nyingi hazifanyi hivyo. Matokeo yake mtayaona mkichanganya picha: fataki za usiku zinatangulia chai ya asubuhi. Kama mmeshasafiri ndipo mkakumbuka, chukua kamera upige picha uso wa simu unaoonyesha saa. Picha hiyo moja itakuonyesha tofauti ya saa kati ya vifaa viwili, na programu nyingi za picha zinaweza kusogeza saa za picha zote kwa mkupuo. Ruhusu pia kamera ya simu kuhifadhi mahali picha ilipopigwa.

Pili, nafasi na umeme. Dakika moja ya video ya 4K, yaani ya ubora wa juu sana, inaweza kula MB 170 hadi 400 kulingana na mpangilio wa simu. Video ya 1080p, ya ubora wa chini yake, inatosha kabisa kwa kumbukumbu za nyumbani na haifiki nusu ya hapo. Pawabenki (betri ya kubebeka ya kuchajia simu) ya mAh 10,000 hujaza simu ya kawaida mara moja na nusu hivi, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea wakati wa kubadilisha volti. Mkienda kwa ndege, iwekwe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloenda chini.

Soma masharti ya bustani kabla ya kufungasha. Fimbo za selfi, kwa mfano, zilipigwa marufuku katika bustani za Disney mwaka 2015, na bustani nyingine nyingi hazitaki kuziona. Mfukoni beba daftari dogo, penseli, bahasha moja ngumu na mfuko wa plastiki wenye zipu. Vitu hivi vinne vina kazi kubwa kuliko lenzi ya ziada.

Jambo la mwisho kabla ya safari ni kugawana kazi. Mpiga picha wa familia huwa hayupo kwenye picha, na mara nyingi ni mama. Kubalianeni: asubuhi mmoja, baada ya chakula cha mchana mwingine, na mtoto wa kuanzia miaka sita hivi apewe kamera nusu saa. Picha zake zitakuwa za magoti na mikia ya foleni, lakini ndivyo alivyoiona siku ile.

Ndani ya bustani

Mkifika langoni, mpige kila mtoto picha ya kuanzia kichwani hadi miguuni. Ni kumbukumbu nzuri, na akipotea kwenye umati mna picha ya nguo alizovaa leo ya kuwaonyesha wahudumu. Kisha, kabla ya kila mchezo, piga picha ya kibao chenye jina la mchezo huo. Ukija kupanga picha, kila kibao kitakuwa mlango wa kundi jipya na hutahitaji kukisia.

Kuna picha moja ambayo tungeomba kila familia isiikose: mtoto akiwa kwenye kipimo cha urefu mlangoni mwa rolakosta, ile treni ya mchezo inayopanda na kuporomoka kwa kasi. Vipimo vya sentimita 102, 112, 122 na 132 hukutana navyo mara kwa mara, kwa kuwa ni inchi 40, 44, 48 na 52. Mtoto asimame na viatu, visigino vikigusa ubao, na kamera iwe usawa wa alama. Ukiishika juu, mtoto ataonekana mfupi kuliko alivyo. Mkirudi mwaka mwingine, msimamisheni pale pale. Aliyekosa sentimita mbili atasikitika, na huo ndio wakati wa kuandika kwenye daftari alisema nini. Usimwekee kitu ndani ya viatu ili apite. Vyuma vya kumshikilia kitini vimepimwa kwa mwili wa urefu fulani, na mtoto mfupi anaweza kuchomoka.

Mwanga wa saa sita mchana huleta kivuli cheusi chini ya kofia na machoni. Hamia kivulini, au geuza watoto jua liwe nyuma yao kisha gusa uso kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga hapo. Chuchumaa hadi macho ya mtoto. Usiku wa fataki zima flashi, maana mwanga wake haufiki mbali zaidi ya mita chache. Tena, fataki zenyewe hufanana kila mahali. Geuka upige nyuso zinazomulikwa nazo. Sekunde ishirini za video zinatosha, kisha weka simu mfukoni uangalie.

Ushauri huo wa kuweka simu mfukoni una sababu. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel alichapisha majaribio aliyoyafanya kwenye jumba la makumbusho: watu waliopiga picha ya kitu kizima walikumbuka vichache kuliko waliokitazama tu, lakini waliosogeza lenzi kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Kwa bustani, maana yake ni picha chache na za karibu. Badala ya kupiga gurudumu kubwa lote mara kumi, piga mkono wa bibi ulivyobana chuma cha kiti.

Kwenye rolakosta usitoe simu kabisa. Ikidondoka kwa kasi ile inaweza kumuumiza aliye chini. Picha ya ndani ya mchezo hupigwa na kamera ya bustani, mara nyingi kwenye mteremko mkali, kwa hiyo mkianza kuporomoka inueni vichwa. Mkishuka, piteni kwenye skrini za picha mara moja na muandike namba ya picha yenu au muiunganishe na akaunti yenu. Msiseme mtarudi jioni. Picha hizo hazitunzwi muda mrefu, na foleni ya kufunga bustani ni ndefu.

Halafu sauti, kitu ambacho karibu kila mtu hukisahau. Mkiwa kwenye foleni, rekodi sekunde thelathini za sauti tupu. Ile tak-tak-tak ya rolakosta ikipanda ni vyuma vya usalama vinavyoizuia kurudi nyuma, vikidondokea jino baada ya jino. Juu ya mlio huo utapata mtoto wa miaka mitano akiuliza kama inauma. Sauti yake itabadilika, na hakuna picha itakayoirudisha. Shika simu usawa wa kifua, usizibe tundu la maikrofoni kwa kidole, na geuza mgongo upande unakotoka upepo.

Jioni ile ile, dakika kumi

Hapa ndipo safari nyingi hupotea. Mmechoka, watoto wamelala garini, na kila mtu anasema tutaandika kesho. Kesho kuna foleni nyingine, na siku mbili huchanganyikana zikawa moja. Kaeni dakika kumi kabla ya kulala, daftari likiwa wazi, na kila mmoja ajibu kwa maneno yake.

Maswali ndiyo yanayoamua utapata nini. "Ulifurahi?" huzaa "ndiyo" na mazungumzo yanakufa. Uliza: Farasi uliyempanda alikuwa na rangi gani? Nini kilikufanya ubadilishe nia mlangoni? Baba alipiga kelele gani tulipoteremka? Ungemwambia nini rafiki yako ambaye hajawahi kufika? Watafiti wa saikolojia Elaine Reese na Robyn Fivush wamechunguza kwa miaka mingi namna wazazi wanavyozungumza na watoto kuhusu yaliyopita. Watoto wa wazazi wanaouliza maswali yaliyo wazi na kuongezea undani kwenye majibu huja kusimulia kumbukumbu zenye undani zaidi wanapokua. Kwa hiyo mtoto akisema "kulikuwa na joka", usiishie hapo. "Ndiyo, lile la kijani lililotoa moshi. Ulijificha wapi?"

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kumsahihisha mtoto. Akisema maji yalifika shingoni wakati yalimrushia matone, andika shingoni. La pili ni kuandika mazuri tu. Mvua iliyowafungia chini ya paa saa nzima, kofia iliyopeperuka, ugomvi wa nani akae mbele: hayo ndiyo yatakayoombwa tena na tena. Andika maneno yenyewe yaliyosemwa, pamoja na jina la msemaji na umri wake.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, mwandikie barua fupi. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya umri huo, kwa hiyo atakachokuwa nacho ni kile mtakachomwandikia ninyi.

Tiketi, risiti, ramani na sarafu

Tiketi na risiti nyingi huchapwa kwa joto, bila wino, na maandishi yake hufifia hadi karatasi ibaki nyeupe. Kupima ni rahisi: kwaruza ukingo kwa ukucha haraka. Ukiona mstari mweusi, hiyo ni karatasi ya joto. Iskani au ipige picha wiki hiyo hiyo, kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kama ni ndogo. Usiipeleke kwenye mashine ya laminesheni, kwani joto lake litaigeuza nyeusi yote. Usiiweke pia kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, wala karibu na losheni ya jua. Na kama tiketi bado ina siku za kutumika, usiiposti mtandaoni huku mistari ya msimbopau ikionekana, mtu mwingine anaweza kuitumia.

Ramani ya karatasi ikunjwe kwa mikunjo yake ya asili. Chora kwa penseli njia mliyopita, kwa mishale na namba. Selotepu isiiguse, gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasi.

Sarafu zilizobanwa kwa mashine, zikawa ndefu zenye picha, zina historia yake: kwa Marekani zilianza kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, yale yale yaliyoleta gurudumu kubwa la kupandisha watu lililobuniwa na George Ferris. Kwa mashine za Marekani, tafuta senti za kabla ya mwaka 1982, ambazo ni shaba kwa asilimia 95. Zilizofuata ni zinki iliyopakwa shaba juu, na zikibanwa hutoka na michirizi ya kijivu.

Wiki ya kwanza nyumbani

Kusanya picha za simu zote sehemu moja kabla hujafuta hata moja. Usizikusanye kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hupunguza pikseli na kuondoa tarehe na mahali. Mkilazimika kuitumia, tumeni kama hati. Yapeni mafaili majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano.

Kisha chujeni. Picha 30 au 40 kwa siku moja zinatosha albamu. Kila mwanafamilia achague tatu ambazo hakuna wa kuzipinga, hata kama moja ni picha ya pipa la taka lenye umbo la kiboko. Zilizobaki zitunzwe kwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya nyumba, na hifadhi ya mtandaoni inahesabika. Mara moja kwa mwaka chomeka diski ya nje na ufungue picha chache. Diski iliyokaa kabatini inaweza kufa bila dalili yoyote.

Chapa. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 hivi ili itoke safi. Ya ukurasa wa A4 inataka 2480 kwa 3508. Epuka zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki ya kubandua: gundi huganda, na siku ukitaka kutoa picha inachanika. Tumia karatasi isiyo na asidi na vishikizo vya pembeni, au mifuko ya plastiki aina ya polipropilini. Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya kawaida ya bolpeni, hubonyeza karatasi na alama hutokea mbele. Kalamu ya wino wa kudumu inafaa, mradi iachwe ikauke dakika kadhaa kabla ya kupanga picha moja juu ya nyingine. Chini ya kila picha weka majina, tarehe, mahali na sentensi moja kutoka kwenye daftari.

Mwaka ukizunguka, tengeni jioni moja. Msianze na albamu. Waulizeni watoto kwanza wanakumbuka nini, kisha someni daftari, ndipo mfungue picha na kusikiliza ile sauti ya foleni. Majibu mapya yaandikwe chini ya yale ya zamani kwa kalamu ya rangi nyingine, na tarehe yake. Kaka na dada wakibishana nani aliogopa, andikeni maelezo ya wote wawili.