Mtoto mdogo na meza ya kifahari Lamu: mambo ya kuzingatia kabla

Anayekwenda Lamu likizo na mtoto wa mwaka na nusu au miwili huuliza kwanza waende kula mkahawa upi. Mimi ningeuliza saa ngapi. Mkahawa mzuri utapatikana, iwe Shela, kijiji cha ufukweni, au ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda. Kitakachoamua kama mtakula pamoja au mtakula kwa zamu, mmoja mezani na mwenzake akitembeza mtoto anayelia mchangani, ni saa mliyoketi. Na saa hiyo, kwa visiwa hivi, haipangwi na njaa peke yake. Jua lina lake, bahari ina yake, na jiko nalo lina lake.

Jua kwanza. Lamu iko karibu na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo, na likishachwa giza halichelewi. Hoteli za hadhi ya juu zimejipanga kwa mgeni asiye na mtoto: kinywaji wakati jua linazama, maongezi, kisha chakula kuanzia saa moja au saa moja na nusu. Mpaka sahani zifike ni saa mbili, na mtoto aliyeshinda juani na kwenye maji ya chumvi saa hiyo keshachoka. Mtoto wa umri huo akichoka hanyamazi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni chakula cha mchana. Jiko ni lile lile, samaki ni yule yule, lakini mchana watu wamekaa na kaptula mbichi, upepo unavuma, na kilio cha mwanao hakimharibii mtu fungate yake. Kama mnautaka usiku kwa vyovyote, ombeni meza ya mapema kabisa, na mtoto alale mchana usingizi wa kweli, kitandani.

Siku ya kufika msiihesabu. Ndege inatua Manda, kisha kuna boti ya kuvuka, kisha joto ambalo mtoto wa bara hajalizoea. Siku hiyo kuleni karibu na mnapolala.

Sasa bahari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapoduwaa. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kilomita tatu hivi, na kwa boti ni kama dakika kumi au kumi na tano. Ukilala Shela na kula Manda, au ukilala mjini na kula Shela, chakula chako kina safari mbili za maji ndani yake, na ya pili ni ya gizani. Maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa takriban saa kumi au kumi na moja jioni, yakapwa takriban saa nne usiku. Kwa mzazi maana yake ni hii: mnakwenda boti imeegemea gati vizuri, hatua moja tu mko juu. Mnarudi maji yameshatoka, vidato vilivyokuwa vimefunikwa viko wazi na vina utelezi, au boti haifiki kabisa na mnashuka maji ya magoti mtoto akiwa amelala begani. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti si kubwa hivyo. Asubuhi muulize nahodha, "Usiku maji yatakuwaje?" Atakujibu bila kutazama popote.

Kwa nahodha huyo huyo maliza mambo mengine matatu. Bei iwe ya kwenda na kurudi. Nambari yake ya simu iwe kwako, maana usiku gati huwa halina watu na mtoto akichafuka mapema mtataka kuondoka saa hiyo hiyo. La tatu, jaketi la kujiokolea la kipimo cha mtoto. Boti nyingi zina majaketi ya watu wazima tu, na jaketi kubwa kwa mtoto wa kilo kumi halimsaidii, litamtoka kichwani. Mwenye kuweza aje na lake kutoka nyumbani. Na msimu wa kusi, upepo wa kusini, bahari huchafuka kuliko wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, kwa hivyo boti ndogo iliyo wazi itawarushia maji. Nguo kavu za mtoto ziwekeni kwenye mfuko usiopitisha maji, mje mumvalishe mkifika. Hoteli kadhaa za huko, kwa mambo ya mvua, hufunga Mei na Juni, basi hakikisheni kabla ya kukata tiketi.

Kigari cha mtoto kiacheni. Mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia 2001, vichochoro vyake vilitengenezwa kwa miguu ya watu na kwato za punda. Shela ni mchanga. Mbeleko inatosha, na ukikutana na punda mwenye mzigo wewe ndiye unayesogea ukutani, mtoto upande wa ukuta.

Likibaki jiko, dawa yake ni simu ya asubuhi. Kaa, kamba na samaki mzima wa kuchoma havipikwi mapema vikawekwa kando. Vinaanzwa mkishaagiza, na kusubiri saa nzima si ajabu wala si uvivu wa mtu. Mtu mzima atazungumza saa hiyo. Mtoto atakuwa ameshapindua gilasi. Kwa hivyo msiseme tu "meza ya watu watatu". Semeni, "Tuna mtoto wa mwaka na nusu, tutafika saa kumi na mbili kamili. Tungeomba wali na samaki mnofu wa mtoto vitoke tukikaa tu, na sisi tuagize sasa hivi." Jibu la Mlamu utalijua kabla hajalisema: "Karibuni dada, mtoto ni wetu." Lipokeeni kwa shukrani, kisha ulizeni tena yale mliyouliza, kwa sababu ukarimu ni jambo moja na mpishi kuambiwa ni jambo jingine. Hapo hapo ulizeni kama watoto wanapokelewa usiku (hoteli chache ndogo huwataka mchana tu), kama kuna kiti kirefu cha mtoto, na kama meza iko karibu na bwawa la kuogelea au ukingo wa bahari.

Kiti hicho msikitegemee sana. Mara nyingi kipo kimoja na kimeshachukuliwa. Njia ya kina mama wa pwani ni leso, yaani kanga. Ikunje kwa urefu mpaka iwe ukanda mpana wa kiganja kimoja na nusu, ipitishe tumboni mwa mtoto akiwa ameketi, ncha zake zizunguke nyuma ya egemeo la kiti na kufungwa fundo huko nyuma ambako vidole vyake havifiki. Ikaze kiasi cha mkono wako kupita kati ya kitambaa na tumbo. Kiti kiwe kizito, cha mbao, na mkono wa mtu mzima usiende mbali. Leso huuzwa jozi, kwa hivyo ya pili ina kazi zake: kutandika juu ya matakia meupe ya majlisi, yale makao ya chini ya kuegemea, kumfungia mtoto shingoni wakati wa mchuzi, kumbadilishia nepi juu ya benchi kwa kuwa vyoo vya nyumba hizi nzuri za mawe ni vyembamba na havina meza ya kazi hiyo, na mwisho kumfunika kwenye boti. Kama mtakuwa na nafasi ya kuchagua, chukueni majlisi ya chini badala ya meza ya juu. Mtoto akianguka kutoka hapo anaangukia mkeka.

Mkifika, kabla ya kuketi, mmoja azunguke. Mikahawa ya ufukweni inapendeza kwa sababu haina kuta, na hilo ndilo tatizo lake kwenu. Bwawa lisilo na uzio, ukuta wa bahari usio na reli, kandili na mishumaa kwenye meza za chini sawa na uso wa mtoto. Kisha paka. Lamu paka ni wenyeji, na chini ya meza yenye samaki watakuja tu. Mtoto atawafuata kwa mikono miwili, nao hawapendi kuvutwa mkia. Msiwalishe, hata mkiona huruma, na jeraha lolote la kung'atwa au kuparuzwa lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mwende hospitalini mkaulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka nao huambukiza.

Mbu wanahitaji kufikiriwa mkiwa bado nyumbani. Pwani ina malaria, na mtoto wa Nairobi mwili wake hauijui, kwa hivyo muoneni daktari kabla ya safari kuhusu kinga. Jioni mvalisheni suruali na mikono mirefu ya pamba nyepesi, dawa ya kufukuza mbu mumpake nyinyi wenyewe, na msimpake kwenye viganja kwa sababu viganja vitaishia mdomoni. Mbu hupenda chini ya meza, basi soksi. Ile dawa ya kuzunguka inayochomwa ombeni isogezwe mbali naye.

Chakula chenyewe ni raha kwa mtoto kuliko watu wanavyodhani. Wali wa nazi, chapati, viazi, samaki, embe, ndizi: hakuna anachokosa. Kinachotakiwa ni kuuliza vitu vichache kwa jina. Pilipili iwe kando, hata ya samaki wa kupaka. Samaki awe nguru au kolekole, mnofu, maana mifupa yao ni mikubwa na inaonekana. Changu ni mtamu lakini vijifupa vyake ni vyembamba, na kwenye mwanga wa kandili huvioni. Pitisha vidole vyako ndani ya mnofu kabla ya kumpa, usiutegemee uma. Korosho za kukaanga zinazowekwa mezani mkisubiri ziondolewe mara moja, kwa sababu njugu na korosho nzima humkaba mtoto, na ushauri wa madaktari ni asipewe mpaka afike miaka mitano. Chaza wabichi na samaki mbichi wa kukatwa vipande vyembamba ni vya wakubwa. Maji yawe ya chupa iliyofunguliwa mbele yenu, na vinywaji vyake visitiwe barafu.

Kamba na kaa ni habari nyingine. Kama mtoto hajawahi kuvila, msimjaribishe kwa mara ya kwanza usiku, kisiwani, hata vikiwa vitamu namna gani. Mjaribisheni nyumbani majuma kadhaa kabla, au basi mchana mkiwa mjini, kidogo tu, na mtazame saa mbili zinazofuata: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa. Pumzi ikibana ni hospitali bila kungoja. Hospitali ya kaunti, King Fahd, iko mji wa Lamu, na kutoka Shela au Manda maana yake ni boti tena. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na nambari ya nahodha.

Msiende na mtoto mwenye njaa. Mlisheni nusu tumbo kabla ya kutoka, ndizi au uji, ili mezani awe anaonja tu. Katuni za simu sizikatai, ila ziwekwe akiba ya dakika za mwisho, sauti imezimwa. Mwanzoni kuna mengi ya kutazama: jahazi zinazorudi, adhana ya magharibi, taa zinawashwa.

Jambo linalowashangaza wageni ni wahudumu. Bado hamjafungua menyu, kijana atakuwa ameshambeba mtoto, anampeleka jikoni akaonwe. Huku mtoto kubebwa na asiye mzazi wake ni kawaida na ni heshima kwenu. Wengine huona ni msaada mkubwa, wengine roho huwaruka. Amueni mapema mko upande gani. Ukitaka abaki mezani, sema kwa upole, "Akae nami kidogo, kaka, hajazoea," na hakuna atakayeudhika. Ukimwachia, uliza tu kama jikoni kuna mafuta ya moto karibu na mlango.

Mpitapo kijijini kwenda na kurudi, jisitirini mabega na magoti. Nguo ya kuogelea inaishia ufukweni.

Bili iombeni mapema, ikiwezekana chakula kikubwa kinapoletwa, ili kuondoka kusiwe kusubiri kwa pili. Soma kama ada ya huduma imo, kwa kuwa hoteli nyingi za Kenya huiongeza, na uwe na njia zaidi ya moja ya kulipa: kadi hukwama mtandao ukipotea, M-Pesa huokoa. Mtoto akikataa kabisa, mmoja wenu atoke naye gatini na mwenzake afungiwe chakula kilichobaki; hakuna aibu, na kaa wa kuchoma baridi asubuhi si mbaya hata kidogo. Na bakshishi, iwe ada imo au haimo, mpeni mkononi yule aliyeokota wali sakafuni.