Chumba cha Chini ya Ardhi: Soma Jina Lake Kabla Hujalipa

Tangazo la kawaida kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ni hili: kuna chumba besmenti, bei nafuu, unaingia hata leo. Wengi wetu tumeanzia maisha ya ughaibuni huko chini, wala si aibu. Ila ndugu yangu, kabla hujatoa pesa, jua chumba hicho kinaitwaje kisheria.

New York tofauti imeandikwa wazi. "Basement" ni ghorofa iliyozama kiasi, lakini angalau nusu ya kimo chake iko juu ya usawa wa barabara. "Cellar" imezama zaidi ya nusu. Cellar ni mahali pa mizigo, mashine ya kufulia na mtambo wa kupasha nyumba joto, na kwa kawaida hairuhusiwi kupangishwa mtu alale. Basement inaweza kupangishwa ikitimiza masharti na kupata idhini ya jiji. Dalali ataviita vyote besmenti, kwa hiyo usitegemee mdomo wake. Simama nje uangalie mwenyewe ni sehemu gani ya ukuta iko juu ya ardhi. Wakaguzi wakikuta chumba si halali, wanaweza kuamuru utoke, na kodi umeshalipa.

Nasisitiza hili kwa sababu watu wamekufa. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalimwaga mvua kubwa New York. Jijini humo walifariki watu 13, na 11 kati yao walikuwa kwenye vyumba vya chini. Maji yakijaa nje, mlango unaofungukia huko hausukumiki.

Kwa hiyo angalia dirisha kabla ya kuangalia rangi ya ukuta. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka chumba cha kulala cha chini kiwe na dirisha la kutokea: ukingo wake usizidi inchi 44 kutoka sakafuni (kama sentimita 112), na uwazi wake uwe angalau inchi 20 kwa upana na 24 kwa kimo. Jaribu kulifungua mwenyewe. Kama lina nondo zisizofunguka kwa ndani, tafuta chumba kingine.

Majina mengine yanapamba. London ukiona "lower ground floor", na London au Chicago ukiona "garden", mara nyingi ni nyumba iliyozama nusu, hata kama bustani yenyewe ni kipande cha saruji. Ujerumani "Souterrain" ni hivyohivyo, lakini "Keller" ni stoo ya chini unayopewa pamoja na nyumba. Weka baiskeli na masanduku, usilale.

Mtambo wa gesi ukiwa jirani na kitanda, dai kigunduzi cha kaboni monoksaidi. Ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na haina harufu. Uliza pia kama nyumba imepimwa redoni, gesi inayotoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu.

Walioko Iowa, Oklahoma au Texas wafundishe watoto mambo mawili yanayopingana: onyo la tonado (upepo mkali unaozunguka kama nguzo) likitolewa, shukeni chini, mbali na madirisha; onyo la mafuriko likitolewa, pandeni juu mara moja, na msirudi kuchukua pasipoti.