Kumeza kamera ya tumbo: namna ya kuvuka sekunde ishirini ngumu

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kipimo cha kamera ya tumbo. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa wakati daktari anaingiza mpira wenye kamera. Nimeshika mabega ya watu wengi sana. Hata hivyo, kilichonifundisha zaidi ni siku nilipolala mimi kwenye kitanda hicho, nikaudaka mpira na kuuvuta nje kwa mkono wangu. Kipimo kiliahirishwa, nikarudi nyumbani nikilia. Mara ya pili nilijiandaa kwa namna nyingine kabisa, na nilimaliza bila kugusa mpira. Maandalizi hayo ndiyo niliyompa shangazi, na ndiyo ninayokupa wewe.

Elewa kwanza ugumu uko wapi. Kutoka kwenye meno hadi mlango wa juu wa umio (njia ya chakula) ni kama sentimita 15. Hapo ndipo koo linapokataa. Mpira ukishavuka, safari iliyobaki hadi tumboni (mlango wa tumbo uko kama sentimita 40 kutoka kwenye meno) inakera, lakini haina vita ile. Kwa wengi, sehemu ngumu ni sekunde kama ishirini.

Na sekunde hizo ndizo utakazozikumbuka. Mwaka 1996 watafiti Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walichapisha utafiti wa wagonjwa waliokuwa wakipimwa utumbo mpana kwa kamera. Waliona kwamba maumivu ambayo mtu anayakumbuka baadaye hufuata pale palipouma zaidi na pale mwisho, huku urefu wa kipimo ukiwa na uzito mdogo mno. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mahali pamoja tu.

Hatua ya 1: Sema yote kabla ya siku yenyewe

Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, za kisukari, na zile sindano za kupunguza uzito zinazochelewesha chakula kutoka tumboni. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Taja pumu, mzio, meno ya bandia na jino linalocheza. Kama watatafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, uliza kuhusu dawa zako za kupunguza asidi, kwa kuwa baadhi hutakiwa kusimamishwa wiki mbili kabla ili majibu yasidanganye.

Kisha sema hofu yako. Kuna watu waliowahi kufanyiwa ukatili wa mwili, na kitu kinapoingia mdomoni huku mtu mwingine amesimama juu yao, mwili unarudi kule kule. Huna haja ya kusimulia. Sentensi moja inatosha: "Kuna jambo lilinipata zamani, naogopa kushikwa bila kuambiwa." Muuguzi yeyote mwenye moyo atabadilisha namna anavyokusogelea.

Hapo hapo uliza kuhusu dawa ya usingizi mwepesi. Mimi napendelea ganzi ya koo peke yake kwa anayeweza, kwa sababu unainuka kitandani ukiwa na akili zako, unasikia daktari anachokuambia, na unaweza kuondoka mapema. Lakini aliyewahi kushindwa kama mimi, au mwenye historia niliyoitaja, aombe dawa ya kutuliza bila aibu yoyote. Midazolam, inayotumika sana, inalegeza na mara nyingi inafuta kumbukumbu ya kipimo. Gharama yake ni kwamba lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, na kwa saa 24 usiendeshe gari wala kusaini jambo zito. Uliza pia kama wana mpira mwembamba unaopitia puani, wa milimita 5 au 6 hivi. Huo hausumbui shina la ulimi, na unaweza kuzungumza ukiwa nao.

Hatua ya 2: Fanya zoezi la kulala, siku tatu mfululizo

Lala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kidogo. Tandika taulo chini ya shavu. Ng'ata kitambaa safi ulichokisokota, mdomo ubaki wazi kiasi. Sasa pumua kwa pua peke yake kwa dakika kumi, na usimeze mate. Yaache yatiririke kwenye taulo.

Siku ya kwanza utajisikia vibaya. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mate kutoka mdomoni ni aibu, na kwenye chumba chetu cha kipimo naona watu wazima wakihangaika kuyameza huku mpira uko kooni. Kumeza huko ndiko kunakoleta kikohozi na kutapika. Ukiyazoea mate nyumbani, umepunguza mateso mengi. Usijaribu kuingiza kijiko wala kidole kooni ili "kulizoeza". Utalifundisha koo kuogopa tu.

Pua ikiwa imeziba kwa mafua, waambie kabla ya siku. Usinyamaze.

Hatua ya 3: Funga kula

Chakula, saa sita kabla. Maji meupe, saa mbili kabla. Kituo chako kikikupa saa nyingi zaidi, fuata za kwao. Tumbo tupu ndilo linalokulinda usipaliwe.

Hatua ya 4: Kubalianeni ishara ya kusimama

Mpira ukiwa mdomoni huwezi kusema neno, na kukosa sauti ndiko kunakozaa hofu kuu. Kwa hiyo kabla hujalala, mwangalie daktari usoni useme: "Nikiinua mkono wa kulia, naomba usimame kidogo." Mkono wa kulia ndio unaobaki juu ukilala kwa ubavu wa kushoto. Kusimama maana yake mpira hausukumwi mbele mpaka utoe pumzi tatu ndefu. Hautolewi nje, isipokuwa ukisisitiza, na ukisisitiza una haki hiyo. Ridhaa uliyoisaini unaweza kuiondoa wakati wowote.

Ukijibiwa "usijali, ni dakika chache tu," rudia ombi lako kwa upole mpaka upate "sawa." Nimeona wagonjwa wakikubaliana ishara hii kisha wasiitumie hata mara moja. Kujua kwamba ipo kunatosha.

Hatua ya 5: Sindano na ganzi

Ikiwa wewe ni mtu wa kuzimia ukiona sindano, kaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, legeza kwa sekunde 20 hadi 30, rudia mara tano. Mbinu hii iliendelezwa na mwanasaikolojia Lars-Göran Öst na wenzake huko Uswidi miaka ya 1980, na inafanya kazi kwa sababu inazuia shinikizo la damu lisishuke ghafla. Mkono unaochomwa uuache umelegea. Na ukimaliza sindano, kukaza kumekwisha. Kuanzia hapo ni kulegeza tu.

Ganzi ya kupuliza kooni ni chungu kwa ladha. Baada ya dakika moja au mbili utahisi koo limevimba na huwezi kumeza. Halijavimba. Ni hisia zimelala, na hewa inapita kama kawaida. Jaribu: vuta hewa kwa pua, uisikie inavyoingia. Shangazi yangu alinishika mkono hapo akaniambia, "Mwanangu, nitakosa pumzi." Nikamjibu, "Shangazi, njia ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma yake. Mpira unapita nyuma. Hebu pumua tena nikusikie." Akapumua. Uso wake ukarudi.

Hatua ya 6: Sekunde ishirini

Hapa ndipo nilipoangukia mimi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvuta pumzi ndefu. Kila mtu huambiwa "vuta pumzi," na mwenye hofu huvuta tena na tena bila kuitoa yote. Matokeo yake vidole na midomo vinaanza kufa ganzi, moyo unakimbia, na unaamini unakufa. Neno sahihi ni *toa* pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu tatu, toa ukihesabu sita, kama mtu anayepoza chai lakini kwa pua. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza moyo. Ya kuingia itakuja yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kufumba macho. Ukifumba, dunia yote inakuwa koo lako. Mimi nasisitiza macho wazi, yatazame kitu kimoja kilicho mbali: kona ya dirisha, msumari ukutani, kitasa. Kichague kabla mpira haujaja. Wapo wauguzi wenzangu wanaowaambia wagonjwa wafumbe macho ili wasiuone mpira. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Usiuangalie mpira, sawa, lakini usifumbe.

Kidevu kiinamishe kuelekea kifuani, kama unayetaka kukiona kitovu chako. Watu wengi wanapoogopa hurudisha kichwa nyuma, na hapo njia ya hewa inafunguka zaidi kuliko njia ya chakula. Kichwa kirudi nyuma baadaye ukiambiwa, si sasa. Ulimi uache umelala chini. Usiusukume mpira kwa ulimi, na kile kipande cha plastiki chenye tundu utakachowekewa mdomoni, ambamo mpira unapita, kishike kwa meno taratibu bila kukiponda. Taya likikaza, koo lote linakaza.

Mikono ipe kazi. Mkono usio na kazi ndio uliouvuta mpira wangu. Shika pindo la shuka au mkono wa muuguzi. Mabega yashushe mbali na masikio. Mimi huweka kiganja changu juu ya bega la mgonjwa, na nikihisi linapanda, najua ameshikilia pumzi kabla hata ya mashine kuonyesha chochote.

Daktari atasema "meza." Meza mara moja, kwa nguvu, kwa sababu mlango wa umio unafunguka unapomeza na mpira unateleza pale pale. Ukikosa, usijilaumu, atasubiri ujaribu tena. Na baada ya kumeza huko, *usimeze tena*. Anza kutoa pumzi papo hapo.

Utataka kutapika. Karibu kila mtu hutaka, pamoja na ganzi. Koo linafanya kazi yake ya kulinda njia ya hewa. Hisia hiyo huja kwa mawimbi. Wimbi likipanda, usipigane nalo kwa kubana pumzi. Toa pumzi mpaka lishuke, na litashuka, kwani katikati ya wimbi na wimbi pana utulivu, na hapo ndipo mpira unapopita. Machozi yakitoka, yaache. Ukitoa sauti ya ajabu, tumeshaisikia maelfu ya mara na hakuna anayekucheka.

Nikukumbushe jambo ambalo hunipa moyo. Mwaka 1868 daktari wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, alipotaka kuchungulia tumbo kwa mara ya kwanza, alitumia bomba gumu la chuma, na aliyelimeza alikuwa mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza panga. Koo la binadamu linaweza kujifunza kutulia. Na unaopewa wewe ni laini, unapinda, na una unene wa milimita 9 au 10 tu.

Hatua ya 7: Tumboni

Sasa ni kujaa. Daktari anaingiza hewa ili kuta za tumbo zitanuke aone vizuri. Utataka kucheua. Ukiweza kuzuia, zuia, kwani hewa ikitoka inabidi arudishe nyingine na muda unaongezeka. Ukishindwa, basi. Mpira unapovuka kuingia utumbo mdogo utahisi msukumo kama kidole kinachobonyeza kutoka ndani. Kinyama kikikatwa kwa ajili ya maabara hutasikia, kwa maana utando wa tumbo hauhisi kukatwa. Unahisi kuvutwa na kutanuka. Hesabu pumzi zako. Mwombe muuguzi akuambie wanakaribia wapi. Mimi huwaambia wagonjwa wangu kila hatua, na wanaposikia "sasa tunarudi," miguu yao inalegea.

Mpira unapotoka, endelea kutoa pumzi hadi uone ncha yake. Usiinuke kwa haraka.

Hatua ya 8: Baadaye

Usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, nusu saa hadi saa moja. Anza na maji kidogo ya uvuguvugu. Koo kuwasha kwa siku moja au mbili na tumbo kujaa gesi ni kawaida. Maumivu makali ya kifua au tumbo, kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa au shida ya kupumua si kawaida: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha andika kwenye karatasi kilichokusaidia na kilichokushinda, uihifadhi pamoja na majibu yako. Ukiitwa tena kwa kipimo cha kufuatilia, mpe muuguzi karatasi hiyo aisome kabla hujapanda kitandani. Ya shangazi ina mistari miwili: "Nishike bega. Niambie mnapoanza kurudi."