Jinsi ya kuandika hadithi ya kisayansi ambayo msomaji ndo anaamua njia, hatua kwa hatua kwa Twine

Watu wengi wakitaka kuandika hadithi ya kuchagua, yaani ile msomaji akifika mahali anaulizwa unafanya hivi au vile na mambo yanageuka kulingana na alichobonyeza, wanaanza kwa kuchora matawi. Usianze hapo. Anza na kitu kimoja ambacho kwenye ulimwengu wa hadithi yako hakibembelezeki, sheria ya sayansi yenyewe, halafu maamuzi yote yatoke humo. Ntakuonyesha kwa hadithi moja ya kituo cha angani, na programu tutakayotumia ni Twine, ya bure kabisa, aliianzisha Chris Klimas mwaka 2009 na huhitaji kuwa mtu wa kompyuta kuitumia.

Hatua ya 1: tafuta mahali, halafu sheria

Mahali pangu ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Pale baharini kuna majukwaa ya Waitaliano ya San Marco, roketi zilikuwa zinaruka pale kuanzia 1967 mpaka 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa maalumu kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, wakaipa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru. Na hawakupachagua hivi hivi tu, ukiwa karibu na ikweta ardhi yenyewe inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki kwa hiyo roketi inaondoka tayari na hiyo kasi mkononi. Kwa hiyo nikiandika kwamba mwaka 2090 roketi zinaruka tena Ngomeni msomaji wa pwani ananielewa, pana historia pale na pana sababu.

Sasa sheria. Huku chini hewa unayotoa puani ni ya joto, inapanda, inaondoka zake. Kwenye kituo cha angani kila kitu kinaelea, hewa ya joto haina juu wala chini ya kwenda, ndo maana kule feni zinazunguka usiku na mchana. Feni ikizimika na wewe umelala, kaboni dayoksaidi uliyoitoa inabaki hapo hapo usoni na unaivuta tena: kichwa kinauma, unahema, akili inakuwa nzito, na oksijeni bado imejaa chumbani! Mimi sheria kama hii naithamini kuliko vita vya vyombo vya angani kumi, kwa sababu ni ya kweli na msomaji akishaielewa anaweza kuitumia mwenyewe kuamua.

Hatua ya 2: igeuze sheria iwe bei

Hapa kaa muda mrefu, hadithi inafia au kupona hapa.

Umeme wa kituo umekatika. Wewe (mwandikie msomaji "wewe", inamuingiza ndani haraka) ndo fundi wa zamu. Kuna betri moja ya akiba na inabeba kitu kimoja tu kwa wakati, feni au redio. Ukiwasha feni unapumua vizuri ila Ngomeni hawajui kama mko hai. Ukiwasha redio unapata msaada ila kila dakika hewa inachafuka. Ona, hakuna jibu la bure hapo, na msomaji anajua anachokilipia kabla hajabonyeza. Linganisha na "unaenda kushoto au kulia?" ambayo hajui kushoto kuna nini, hapo anabahatisha, na mtu akibahatisha hana uchungu na matokeo.

Halafu weka angalau uamuzi mmoja unaomlipa aliyesoma kwa makini. Mwenzako Mzee Kombo amelala chumba cha pili, kabla ya kulala alikuomba umwamshe alfajiri aswali. Alfajiri ya wapi lakini, maana kituo kinazunguka dunia kwa kama dakika 90 na jua linachomoza mara 16 kwa siku? (Swali hili si la kubuni, mwaka 2007 Malaysia walipompeleka mwanaanga wao walitoa mwongozo kwamba vipindi vya swala vifuate saa za mahali roketi iliporukia.) Basi ni alfajiri ya Ngomeni na bado saa nzima. Unamwacha apumzike au unamwamsha sasa hivi? Usimwambie msomaji jibu. Aliyeielewa ile sheria anajua mzee kalala kwenye hewa iliyosimama na atamkimbilia, yule aliyeipita juu juu atamwonea huruma amwache alale.

Hatua ya 3: chora, lakini matawi yarudi

Piga hesabu: kila ukurasa ukiwa na njia mbili na kila njia ikaenda kivyake, baada ya maamuzi 10 una miisho 1,024 na kurasa 2,047 za kuandika. Hamna anayemaliza hiyo kazi. Kwa hiyo acha njia ziachane kidogo halafu zikutane tena kwenye tukio ambalo lazima litokee. Kwenye hadithi yetu matukio ya lazima ni matatu: umeme kukatika, chombo cha uokoaji kufika, na mlango kugoma kufunguka. Kote katikati watu wanapita kivyao. Kinachotofautisha msomaji mmoja na mwingine ni amefika pale mlangoni na nini, chaji kiasi gani imebaki, mzee yuko macho au hajitambui. Chora kwenye karatasi kwanza, visanduku na mishale, tena kwa penseli.

Hatua ya 4: ingia Twine

Fungua twinery.org kwenye kompyuta (kwenye simu kuburuta visanduku kwa kidole ni tabu), tengeneza hadithi mpya, kisha kwenye mipangilio yake badilisha fomati (yaani mfumo unaoamua alama unazoandika na jinsi hadithi inavyoonekana) iwe Chapbook, mimi naipendea kwamba alama zake ni chache na hadithi inasomeka vizuri kwenye simu. Kila kisanduku ni ukurasa mmoja. Njia unaiandika hivi:

[[Washa feni->Feni]]
[[Washa redio->Redio]]

Maneno ya kabla ya mshale ndo msomaji atayaona, ya baada ni jina la ukurasa anaopelekwa, na kama ukurasa huo haupo Twine itakutengenezea yenyewe.

Hatua ya 5: hadithi ikumbuke

Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza andika:

chaji: 6
mzee: 0
--

Vistari viwili vinatenganisha hesabu na hadithi, chini yake ndo unaanza kusimulia. Ukurasa wa Redio uanze na

chaji: chaji - 2
--

na ule wa kumwamsha Mzee Kombo uanze na mzee: 1 na vistari vyake vile vile (0 maana yake hujamwamsha, 1 umemwamsha). Msomaji akirudi Redio mara ya pili chaji inakatwa tena, na ndo tunachotaka. Halafu kule mbele, popote unapotaka matokeo yaonekane, andika hivi, na maneno ya katikati msomaji atayaona tu kama chaji iko chini ya 3:

[if chaji < 3]
Feni inazunguka kwa kusuasua. Unasoma namba za mlango mara mbili na bado hazikai kichwani.
[continue]

Pale mlangoni weka nyingine ya [if mzee === 1], Mzee Kombo anashika mpini upande wa pili na mnavuta pamoja, vinginevyo uko peke yako. Usiandike "kwa sababu ulimwamsha mzee". Muonyeshe mkono wa mzee kwenye mpini, inatosha, msomaji mwenyewe atakumbuka alichofanya kurasa nyingi nyuma na hapo ndo raha ya hizi hadithi ilipo.

Hatua ya 6: hifadhi, jaribu, sambaza

Ukitumia Twine ya mtandaoni kazi yako inakaa ndani ya braoza yako, sio kwenye seva ya mtu, ukifuta data za braoza imeenda. Safari, ile braoza ya iPhone na Mac, nayo inaweza kufuta yenyewe data za saiti usiyoitembelea siku 7. Kila ukimaliza kuandika toa faili uliweke pembeni.

Ukimaliza, "Publish to File" inakupa faili moja la HTML ambalo linafunguka bila bando. Kwenye WhatsApp litume kama dokyumenti, Android inalifungua kwa Chrome, ila wa iPhone mara nyingi linawagomea, hao wapandishie itch.io, tovuti ya kuweka michezo na hadithi kama hizi, uwape linki. Wape watu watatu wanne ambao hawajui hadithi na ukae nao wakisoma, usiseme kitu. Angalia kidole. Kikibonyeza papo hapo bila kusita kwenye feni na redio ujue bei uliyoweka upande mmoja ni nyepesi mno, rudi sawazisha, mfano kama wote wanakimbilia feni, redio ile chaji 2 ifanye 1, au Ngomeni waseme chombo cha uokoaji hakitoki mpaka wasikie sauti yako.