Kurudisha Thamani Zaidi ya Moja Kutoka Kwenye Methodi

Katika Java, lugha ya kuandikia programu, methodi (kipande cha programu chenye jina, kinachofanya kazi fulani na kutoa jibu) hurudisha thamani moja tu, ilhali kazi nyingi huzaa majibu mawili au zaidi. Ukipitia orodha ya alama za mtihani mara moja, unapata alama ya chini na ya juu kwa pamoja, na hakuna sababu ya kuipitia tena ili kupata jibu la pili.

Wengi huanza kwa kurudisha safu (array), yaani orodha ambayo kila kitu hutambulishwa kwa namba ya nafasi yake kuanzia 0, yenye namba mbili. Programu itafanya kazi, ila kila anayeiita methodi hiyo atalazimika kukumbuka kwamba matokeo[0] ni ya chini na matokeo[1] ni ya juu. Siku mtu atakapobadilisha mpangilio huo, kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, haitalalamika, kwa kuwa zote ni namba za aina moja, na kosa litakuja kuonekana mbali na lilipoanzia. Nakusihi uiepuke njia hii hata katika programu ndogo.

Badala yake, tengeneza klasi ndogo, yaani aina yako mwenyewe ya data, inayoyabeba majibu kwa majina yake. Tangu Java 16, iliyotoka mwaka 2021, rekodi (record), ambayo ni klasi ya kubeba data iliyoandikwa kwa ufupi, hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja:

record Mipaka(int chini, int juu) {}

Methodi itangazwe kuwa inarudisha Mipaka, na imalizie hivi:

return new Mipaka(chini, juu);

Anayeiita, akiyahifadhi matokeo kwa jina m, atasoma m.chini() na m.juu(), bila kukariri nafasi yoyote. Jina lenyewe lieleze maana ya majibu. "Jozi" halimwambii msomaji lolote. Tena, klasi ikishakuwepo, hesabu zinazohusiana nayo hupata makao: methodi tofauti(), inayotoa juu kasoro chini, inakaa vizuri ndani ya Mipaka kuliko kuandikwa upya kila mahali.

Lugha nyingine zina njia zake. Python huruhusu kuandika return chini, juu, nayo hufunga thamani hizo katika fungu moja (tuple). C# tangu toleo la 7.0 huruhusu kuzipa majina sehemu za fungu la namna hiyo. Kwa majibu yanayotumika mahali pamoja tu, hayo yanatosha.

Tukirudi kwenye Java, bado mtu anaweza kukosea na kuandika new Mipaka(juu, chini). Hapo ndipo rekodi inapoizidi safu, kwa sababu inaweza kujikagua inapoundwa:

record Mipaka(int chini, int juu) {
    Mipaka {
        if (chini > juu)
            throw new IllegalArgumentException("Mipaka imegeuzwa");
    }
}

Sasa kosa husimamisha programu kwenye mstari uleule lilipofanyika.