Jinsi ya kutumia ubunifu ili washindani wasikupite

Wengi wakisikia ubunifu wanawaza mashine mpya na mamilioni, hapana jamani, anza na malalamiko ya wateja. Yaandike yote, angalia lipi linajirudia sana, hilo ndo la kushughulika nalo kwanza kabla mwenzio hajaliona.

Halafu usitoe hela zote kwa mkupuo. Tengeneza kitu kidogo tu cha majaribio, wape wateja wachache, kaa uwaangalie wanavyokitumia (usiwaulize tu, maana mtu anaweza kukusifia usoni na asirudi tena kununua), rekebisha, jaribu tena, kikikataa achana nacho mapema.

Wafanyakazi nao wape nafasi ya kusema. Toyota mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anaruhusiwa kusimamisha kazi kiwandani, na maboresho mengi yao madogomadogo yanatoka kwa hao hao.

Sasa hapa ndo pagumu, na mi naona ndo penyewe hasa: lazima ukubali kuipiku bidhaa yako mwenyewe. Injinia wa Kodak, kampuni iliyokuwa inauza kamera na filamu (ule mkanda wa kupigia picha), alitengeneza kamera ya dijitali isiyohitaji filamu 1975, ila kampuni ilikuwa inakula kwenye filamu ikasitasita, wengine wakaliteka soko na 2012 ikafilisika, ikaomba mahakama iikinge na wadai. Netflix walikuwa wanakodisha DVD kwa posta na biashara inaenda vizuri tu, lakini 2007 wakaanza kuonyesha video kwa intaneti, hawakusubiri DVD zife. Kwa hiyo tenga hela kidogo kila mwezi ya kujaribu mambo, hata mauzo yakiwa mazuri, tena hasa yakiwa mazuri.